Tembo Yule na Tembo Lile

Kahawa haiondoi ulevi. Nimeona nianze na hilo kabla hamjanichoka, maana nawajua ninyi vijana, bibi Eda akianza kusimulia macho yenu yanakimbilia mlangoni. Ukimpa mlevi kahawa nyeusi unapata mlevi aliye macho. Ukimmwagia maji baridi unapata mlevi aliyelowa. Kinachosafisha pombe mwilini ni ini, na ini halina haraka, halipokei rushwa wala halijali kwamba kesho unatakiwa kazini asubuhi. Nimeuguza watu hapa Birmingham tangu nikiwa msichana mwenye kiuno, na katika yote niliyowahi kuwaeleza wagonjwa, hili ndilo nililobishiwa zaidi, hasa na wanaume.

Basi sogeeni, ninyi mliojiunga na uuguzi na ninyi mnaotunza wazee majumbani. Najua wengine mtanijibu kwa Kiingereza. Jibuni mnavyotaka, masikio yangu yanapokea lugha zote. Lakini kisa chenyewe lazima nikiseme kwa Kiswahili, kwa sababu bila Kiswahili hakuna kisa. Kiini chake ni silabi moja ndogo, "li", na silabi hiyo ilikaribia kumpotezea mtu akili zake zote.

Mimi nilikuja mwishoni mwa miaka ya sitini, nikitokea Iringa. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na alikuwa na pua ya kunusa ulanzi ng'ambo ya mto. Ulanzi, kwa msioujua, ni pombe ya mianzi. Ukigemwa asubuhi ni mtamu hata mtoto anaonja, ikifika jioni watu wazima wanaimba nyimbo ambazo hazipo. Nyumbani kwetu haukuingia hata harufu. Kwa hiyo nilipofika bweni la wauguzi, pombe nilikuwa naijua kwa mahubiri tu.

Elimu ya vitendo niliipata Krismasi ya kwanza. Wenzangu walifanya tafrija bwenini, kukawa na jagi la kinywaji cha rangi ya dhahabu, nikaambiwa ni matofaa. Kweli kilinukia matofaa. Hakuna aliyenidanganya, jamani, ni mimi niliyesahau kuuliza matofaa hayo yamelala kwenye pipa muda gani. Wenyewe wanaita saida. Nikanywa gilasi ya kwanza kwa kiu, ya pili kwa adabu, ya tatu hata leo sijui niliinywa kwa sababu gani.

Ya kwanza ilinipasha joto mashavuni. Ya pili ilininyooshea Kiingereza. Weee, niliongea Kiingereza siku ile ambacho sijakiongea tena mpaka ninastaafu. Ya tatu ikakutana na Metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali nzima, mama ambaye hata madaktari walimpisha ukumbini. Aliingia kututakia heri. Mimi nikanyanyuka, nikamwita shangazi, nikapiga goti kama tunavyowasalimia wakubwa kwetu. Kushuka nilishuka vizuri sana. Kunyanyuka ndiko kulikonishinda. Nikabaki pale chini nimeshika pindo la sketi yake, namwuliza habari za mashamba.

Metroni akafikiri kidogo, akajibu kwamba mashamba hayajambo.

Kesho yake nilikuwa na kichwa cha kupasuka na aibu ya kuzikwa nayo. Nilikuwa wodi ya wanaume chini ya Sista Maguire, na mkumbuke Sista kwa wakati ule ni muuguzi kiongozi wa wodi, si mtawa, ingawa huyu alitosha kuwa vyote. Alikuwa mwanamke wa Ireland, mfupi, ametokea ukoo wa wanywaji na yeye mwenyewe hagusi ila chai. Nikangoja anifukuze. Badala yake aliniketisha kwenye chumba cha shuka akanifundisha somo ambalo nimelifundisha mimi kwa miaka yote iliyofuata. Aliniambia niuchukulie ubongo kama nyumba ya ghorofa, na pombe ni mtu anayezima taa kuanzia juu. Ghorofa ya juu kabisa, nyuma ya paji la uso, ndiko wanakokaa aibu na busara, na hao ndio wa kwanza kuzimiwa. Ndiyo maana mtu akinywa kidogo anajiona amechangamka. Hajachangamka, mlinzi wake amelala. Kisha inazimwa taa ya ulimi. Kisha ya kisogoni, kwenye ubongo mdogo unaoshika mizani ya mwili, na hapo miguu inaanza kutafuta sakafu. Chini kabisa kuna pumzi. Ukiona mtu taa zimezimika mpaka huko, haamki ukimwita, mlaze ubavu asijisonge na matapishi, na uite msaada. Usiseme "mwache alale". Wengi wameachwa walale na wamelala moja kwa moja.

Akaniuliza taa zangu zilizimika mpaka ghorofa gani. Nikamwambia mpaka magotini, Sista. Akacheka hadi kofia yake yenye wanga ikaenda upande.

Msishangae mkuu wa wodi kucheka habari za pombe. Enzi hizo pombe ilikuwa kabatini pamoja na dawa, imefungiwa kwa ufunguo. Brandi ya moyo, bia nyeusi ya kina mama waliojifungua na wazee wasio na damu. Mimi, binti wa mwinjilisti, nilikuwa napita na sinia la bia saa za chakula. Barua za nyumbani niliandika kwamba nagawa lishe. Baadaye yote hayo yaliondolewa, kwa sababu ilionekana brandi haiponyi moyo, na bia inamkojoza mtu maji mengi kuliko inayomnywesha. Hilo la bia na maji mlishike, maana ndilo linalotupeleka kwa Baba mdogo Kazungu.

Kazungu alikuwa baba mdogo wa rafiki yangu Kadzo. Kadzo na mimi tulifika karibu pamoja, yeye kutoka pwani ya Kenya, upande wa Kilifi, mimi bara ya Tanzania. Nywele tulisukana wenyewe kwa wenyewe na Kiswahili tulibishana kutwa. Mimi nikisema hivi, yeye anasema wenyewe hatusemi hivyo. Wenyewe ni wao wa pwani, bila shaka. Alinicheka kwamba sisi wa bara ngeli tunazitupa kama maganda, kila kitu kwetu ni "hii", na mimi nikamjibu kwamba angalau sisi tunafika mwisho wa sentensi kabla chai haijapoa.

Baba yake Kadzo alikuwa amefariki, na ndugu pekee aliyekuwa naye Uingereza ni huyu Kazungu, aliyeacha kwao akiwa mpishi wa meli, akaishia Handsworth, mtaa wa hapa hapa Birmingham. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyushia chuma. Kule ndani kulikuwa na joto la jehanamu, na desturi ya wafanyakazi ilikuwa kukata kiu kwa bia. Kadiri wanavyokunywa ndivyo wanavyokauka, na kadiri wanavyokauka ndivyo wanavyokunywa. Kazungu alikunywa hivyo miaka, asubuhi mpaka jioni, na chakula kikawa kidogo kidogo hadi kikabaki chipsi za kwenye karatasi. Lakini Jumapili tulipomtembelea hatukuona hata chupa. Mbele yetu sisi mabinti alikunywa chai na kutupikia wali kwa nazi kavu ya kununua Soho Road. Alikuwa na heshima zake. Pombe hakuitaja hata jina, na hapo ndipo mkosi ulipoanzia, maana sikupata kujua yeye pombe anaiitaje.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini Kadzo akapata mchumba, Josefu, mwanafunzi wa uhandisi, kijana wa Kenya mwenye aibu na suti moja. Wakapanga harusi. Kadzo akaenda kwa Baba mdogo kumwomba amshike mkono kanisani badala ya marehemu baba yake. Kazungu akamwambia atamshika, na atamshika akiwa mzima. Kadzo alirudi bwenini anarukaruka. Hatukuelewa "mzima" ile ilikuwa na uzito gani.

Jumanne iliyofuata, mchana kweupe, Kazungu akaletwa wodini kwetu na wenzake wa kiwandani wawili, wamemkamata kwapani. Alikuwa anatetemeka, anapepesuka, na macho yake hayatulii, yanacheza pembeni pembeni. Wale wenzake walikuwa watu wema. Walipoona anatetemeka walimmiminia brandi ya kumpa nguvu, kidogo ikaingia mdomoni na nyingi ikaishia kifuani. Kwa hiyo alinuka kama baa. Kila aliyepita alisema huyu amelewa chakari, na pua yangu ikakubali.

Daktari alikuwa Dokta Prosser, kijana wa Wales mwenye masikio mekundu, msikivu, sina neno baya juu yake. Kazungu Kiingereza chake cha kiwandani kilikuwa kimemtoka, ugonjwa ulimrudisha kwao. Nikaitwa kutafsiri. Daktari akasema muulize imekuwaje. Nikainama, nikamshika mkono nikamwuliza, "Baba mdogo, imekuwaje?"

Akanitazama na yale macho yanayocheza, akasema kwa ulimi mzito, "Jumamosi nililiaga tembo, mwanangu. Kwa ajili ya Kadzo. Sijaligusa tena."

Sasa nieleweni. Sista alikuwa ameshatufundisha kwamba mnywaji mkubwa akikosa pombe siku mbili tatu, ubongo uliozoea kubanwa unafyatuka kama springi. Anatetemeka, anatoka jasho, anaweza kuanguka kifafa, na wengine wanaona wadudu na wanyama wasiokuwepo. Waingereza wenyewe wana utani wao kwamba mlevi anaona ndovu wa rangi ya waridi. Na mimi ni mtu wa Iringa. Kwetu tembo ni tembo, ana mkonga, anakula mahindi ya watu. Ile "nililiaga" niliisikia, lakini nilidhani ulimi wake umejikwaa, "li" imetoka mara mbili. Nikanyooka, nikavaa uso wa kazi, nikamwambia daktari kwa Kiingereza safi kwamba mgonjwa anasema Jumamosi alimuaga tembo, kwa ajili ya mpwa wake wa kike, na tangu hapo hajamgusa.

Hata hiyo "mpwa" Kadzo alinisahihisha baadaye, kwamba mtoto wa kaka ni mtoto wako, si mpwa.

Dokta Prosser akaandika yote kwa makini. Akauliza kama tembo huyo alikuwa wa rangi gani. Nikamwuliza mgonjwa, naye akanijibu kwamba la pale jirani na kiwanda lilikuwa jeusi, ila yeye hupenda jeupe la kwao. Nikatafsiri hivyo hivyo. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. Kwa maelezo yale, yeye aliona mtu aliyelewa leo na anayeona tembo wawili, mweusi na mweupe. Akaagiza dawa ya kumtuliza, na kwa kuwa mwili ulikuwa umekonda, akaagiza chupa ya maji ya sukari ya kupitisha kwenye mshipa. Kwa alichoambiwa, hakukosea.

Ulikuwa wakati wangu wa kula. Nikaenda moja kwa moja kantini kumtafuta Kadzo, aliyekuwa akifanya kazi wodi ya wazazi. Nilimkuta na kibakuli cha kastadi. Nikamshika bega nikamwambia ajikaze, Baba mdogo yuko kwetu, amelewa na amerukwa na akili, anaongea habari za tembo. Kadzo akaweka kijiko chini. Akaniuliza amesema nini hasa, neno kwa neno. Nikarudia, na kwa kuwa mimi ni mwigizaji hata kwenye msiba, nikaiga na ule ulimi unavyojikwaa. "Ni-li-li-aga tembo. Sija-li-gusa."

Kadzo alinitazama. Mdomo ukaanza kumcheza. Akacheka, jamani, akacheka mpaka akateleza kitini, muuguzi mzima wa sare na kofia, yuko chini ya meza anagonga sakafu kwa mkono. Nikajua na huyu naye amerukwa na akili.

Alipopata pumzi akasema, "Eda, si tembo yule. Ni tembo lile. Mgema akisifiwa..."

"Tembo hulitia maji," nikamalizia, na mdomo ukabaki wazi.

Methali hiyo niliikariri shuleni Iringa, mwalimu akatueleza kabisa kwamba watu wa pwani pombe ya mnazi wanaiita tembo. Nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama, nikaisahau. Ukweli ni kwamba kichwani mwangu, tangu utoto, palikuwa na mgema anayemwogesha mnyama mkubwa kwa ndoo. Mnyama ungesema "humtia". Kinywaji ni "hulitia". Lile neno halikujikwaa hata kidogo, mgonjwa wetu alikuwa na ngeli zake zote, na aliyepotea alikuwa mtafsiri. Nikaanza kucheka na mimi. Tukashikana pale chini, watu wa kantini wanatuangalia na vijiko vyao hewani.

Kisha Kadzo akaacha kucheka ghafla. Akasema taratibu, "Basi tangu Jumamosi hajanywa. Kama hajanywa, kwa nini anapepesuka?"

Tuliondoka mbio. Na lazima mjue sheria ya zamani, muuguzi hakimbii wodini ila kwa mambo mawili tu, moto na kutoka damu. Sisi tulitimua ukumbini, kofia mkononi. Sista Maguire alikuwa kando ya kitanda cha Kazungu, ile chupa ya sukari imeshatundikwa, daktari anatafuta mshipa. Sista akatuona, akauliza kwa sauti ya chini, "Moto au damu?"

Nikamjibu, "Tembo, Sista."

Hakucheka. Nilimweleza hapo hapo, mbele ya daktari, kwamba nilitafsiri vibaya, tembo ni pombe, mgonjwa aliacha kunywa Jumamosi kwa mkupuo, na hii harufu ni brandi ya kifuani. Kabla sijamaliza Sista alikuwa ameshabana mrija wa chupa kwa vidole. Dokta Prosser masikio yalimwiva. Akainua kidole mbele ya uso wa Kazungu, akakipeleka kushoto na kulia, akayatazama macho yanavyoruka yanapojaribu kukifuata. Akataja ugonjwa wenye jina refu la Kijerumani, akasema sindano ya vitamini kwanza, sukari baadaye.

Nitawaeleza kama Sista alivyotueleza, kwa sababu hapa ndipo maisha ya mtu yalipokuwa. Ubongo unakula sukari, lakini hauwezi kuichoma bila vitamini moja ya jamii ya B, iliyomo kwenye maharage, nafaka isiyokobolewa na nyama. Mnywaji mkubwa hali chakula, na hata kile kidogo anachokula, pombe inazuia tumbo lisipokee vitamini hiyo. Akiba inakwisha. Macho yanaanza kucheza, miguu inapepesuka, akili inachanganyika, na kila mtu anasema amelewa. Ukimpa sukari tupu wakati huo, ubongo unatumia punje ya mwisho ya vitamini iliyobaki kuichomea, na sehemu inayohifadhi kumbukumbu inaweza kufa. Haifufuki. Mtu anabaki anatembea, anakula, anacheka, ila kila siku mpya inamwagika kama maji kwenye chekecheke.

Dawa yenyewe ilikuwa ya manjano, inanuka vibaya, na inauma kuliko dhambi. Kazungu alipochomwa alitoa neno la Kigiriama, lugha ya kwao, ambalo Kadzo alikataa kunitafsiria. Kadzo alikuwa amemshika miguu analia, na mimi nimemshika kichwa, nimebanwa na kilio na kicheko sijui kipi kitatoka kwanza. Kikatoka kicheko, Mungu anisamehe, maana Dokta Prosser alikuwa anafuta tembo wawili kwenye maandishi yake.

Macho yalitulia upesi, karibu kama miujiza. Miguu ilichukua wiki. Kumbukumbu ilirudi na matobo. Mambo ya zamani alikuwa nayo yote, bandari, meli, jina la kila jiko alilopikia. Ya karibuni yalikuwa na mapengo, na hapa mjifunze kitu kingine, ninyi wa kutunza wazee. Ubongo uliotoboka hivyo haupendi pengo, unalijaza kwa chochote kilicho karibu. Asubuhi moja alimweleza daktari kwamba jana yake yeye na Sista Maguire walikwenda kuvua Kilifi. Daktari akamgeukia Sista. Sista akasema hakumbuki safari hiyo lakini angependa kujua walipata samaki gani. Huyo si mwongo, wanangu. Usimkemee, na usimkubalie pia. Mwambie ukweli kwa upole, ukae naye. Sista alimfundisha neno moja tu, kila siku, mpaka likamwingia kwa mazoea: ukikuta pengo usilijaze, uliza.

Lililomchoma Kadzo ni kwamba pengo kubwa lilikuwa yeye. Kazungu aliondoka kwao, Kadzo akiwa bado mtoto asiye na meno ya mbele, na Kadzo huyo alimkumbuka vizuri mno. Huyu mwanamke wa sare nyeupe alimteleza kichwani. Kila alipoingia alimwita jina jingine, mara karani wa bandarini, mara mke wa nahodha. Harusi ilikuwa inakaribia. Wazee wa ushirika wetu wa kanisani, kwa nia njema, wakaja kumshauri Kadzo amtafute mzee mwingine wa kumshika mkono, mwenye suti na kumbukumbu, wasije wakaaibika madhabahuni.

Kadzo hakupandisha sauti. Alisema, "Aliliaga kwa ajili yangu. Hata asiponijua, atanishika yeye."

Hapo nilimpenda Kadzo kuliko siku zote. Na niwaambie hili kwa ukali kidogo: kilichotaka kumuua Kazungu ni upendo usio na daktari. Mtu aliyekunywa kutwa kwa miaka asiache kwa mkupuo peke yake chumbani. Aache, ndiyo, aache kabisa, ila aje hospitali ashushwe taratibu kwa dawa na vitamini. Mkiona mzee wenu ameamua, mpigieni makofi huku mnampeleka.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi, na mvua ya Birmingham ilitunyeshea bila ubaguzi. Kanisa lilikuwa Handsworth. Mimi nilikuwa msimamizi wa bibi harusi, nimevaa kijani kibaya sana. Kazungu alivaa suti ya kuazima, na alitembea kwa fimbo akiipiga sakafu kama anahesabu mapigo ya wimbo, lakini alitembea. Sista Maguire alikaa nyuma na Dokta Prosser, wote wawili wanamtazama miguu badala ya kumtazama bibi harusi. Tukafika mbele. Mchungaji akauliza, nani anamtoa mwanamke huyu.

Kazungu aligeuka, akamwangalia Kadzo ndani ya shela. Niliyaona macho yake yanatafuta. Nilijua amefika kwenye pengo, na nikajua sasa atasema mke wa nahodha, na wale wazee waliokaa mstari wa mbele watatazamana.

Hakujaza. Aliinama karibu naye, akauliza kwa adabu, "Samahani, mwanangu. Wewe u mwana wa nani?"

"Mimi Kadzo, Baba mdogo."

"Kadzo wa kaka?"

"Wa kaka."

Mzee yule uso wake ulifunguka wote. "Na umekuwa hivi!" akasema, akamshika mashavu kwa mikono miwili, fimbo ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Kisha akamgeukia mchungaji na Kiingereza chake chote cha kiwandani kikamrudia, akasema huyu ni wake, na yeye ndiye anayemtoa, na kuna mtu yeyote ana swali? Kanisa zima likacheka. Sista Maguire alikuwa anapenga kamasi kwa sauti iliyosikika madhabahuni.

Na ninyi wenye haraka ya kuhuzunika, ngojeni. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, karibu na Kadzo na Josefu, na lile pengo halikuzibika kabisa. Mara kwa mara Kadzo alifungua mlango, naye akauliza tena u mwana wa nani, na akijibiwa, furaha ilikuwa ile ile ya mara ya kwanza. Kadzo alikuwa akiniambia kwamba hakuna mtoto duniani aliyefurahiwa na baba yake mara nyingi kama yeye.

Lakini nilikuwa bado harusini. Kwenye sherehe, ukumbini, kila aliyesimama kuzungumza alimsifu Kazungu, mpaka wale wazee wa ushirika. Akasimama na yeye kujibu. Kijana mmoja wa upande wa Josefu, asiyejua lolote, akamkimbilia na gilasi ya mvinyo ili atakie heri. Kazungu akaipokea, akaitazama. Mimi na Kadzo tukashikana mikono chini ya meza. Akamwuliza yule kijana, "Hili ni tembo?"

Kijana, mtu wa bara kama mimi, akaangalia huku na huku kumtafuta mnyama.

Kazungu akamrudishia gilasi, akachukua jagi la maji, akajimiminia gilasi nyingine mpaka juu, akainyanyua mbele yetu sote.

"Leo mgema nimesifiwa mno," akasema. "Basi langu nimelitia maji."